Je, Grazia Deledda aliisaliti lugha ya mama yake?

Kila anapotajwa Grazia Deledda hoja hii hurudi: kwamba mwandishi huyu wa riwaya, mwanamke wa mji wa Nuoro katika kisiwa cha Sardinia nchini Italia, aliikimbia lugha ya kwao akaandika Kiitalia, na Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1926 ikawa ndiyo ujira wake. Mimi naipinga, na naomba wenye msimamo huo wanijibu.

Alizaliwa 1871, miaka 10 tu tangu ufalme wa Italia utangazwe. Nyumbani kwao wakizungumza Kisardinia. Shule alisoma miaka minne, akaishia hapo kwa kuwa ni msichana, baadaye akapata mwalimu wa kumfundisha nyumbani. Kuandika alikofundishwa kulikuwa kwa Kiitalia. Kalamu aliyoshikishwa ni hiyo moja.

Wapinzani wangu humtaja Peppino Mereu wa Tonara, aliyezaliwa 1872, akatunga kwa Kisardinia na mpaka leo anaimbwa. Hii ndiyo hoja yao nzito, na siibezi. Ila Mereu alikuwa mshairi. Shairi watu hulikariri, huliimba, likatoka kijiji hiki hadi kile bila hata karatasi. Riwaya haiimbwi. Inataka mchapishaji, na inataka msomaji asiyekujua akubali kutoa pesa yake. Mwaka 1888 binti huyu alipotaka hadithi zake zitoke, alizipeleka kwenye jarida la mitindo la Roma, L'ultima moda.

Halafu tufungue riwaya yake mojawapo. Canne al vento, yaani matete katika upepo, kilitoka 1913. Kinaanza na Efix, mtumishi wa akina dada wa ukoo wa Pintor, ambaye ameshinda kutwa akiimarisha tuta alilolijenga mwenyewe ili mto usile kashamba kaliko chini ya ulinzi wake. Usiku unapoingia anawasikia panas, mizimu ya wanawake waliokufa kwa uzazi, wakifua nguo mtoni na kuzipiga kwa mfupa wa maiti. Neno panas ni la Kisardinia. Deledda aliliacha vilevile katikati ya sentensi ya Kiitalia, msomaji wa bara alifuate huko huko lilikozaliwa. Msaliti gani hufanya hivyo?

Watu wa Nuoro walimkasirikia kweli hadithi zake za mwanzo zilipotoka, na inaniuma nikifikiria alivyokuwa mdogo. Lakini kilichowachoma ni kuanikwa mambo yao, tena na msichana.

Wa kulaumiwa kuhusu lugha namwona mwingine. Dola ya Italia iliitambua rasmi lugha ya Kisardinia kwa sheria namba 482 ya mwaka 1999, miaka 63 baada ya Deledda kufariki Roma. Sasa ndugu zangu mnaomwita msaliti, niambieni: mwaka 1913, riwaya ile ikiwa kwa Kisardinia, angempelekea mchapishaji gani, na nani angefundishwa wapi kuisoma?