Mjadala: Burlington, Vermont ikataze kupaki barabarani kila usiku wa baridi, au usiku wa dhoruba tu?

Mleta mada

Burlington ina watu wapatao 44,700 kwa sensa ya 2020. Iko kando ya Ziwa Champlain, na theluji ya msimu wa kawaida ukiijumlisha hupita mita 2. Utaratibu wake ni huu: dhoruba ikikaribia, manispaa inatangaza marufuku, taa zinamweka kwenye nguzo mitaani, na kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi gari litakalokutwa barabarani linakokotwa kwa gharama ya mwenyewe. Miji kadhaa ya jirani haina habari ya kutangaza. Huko ni marufuku kila usiku tangu baridi ianze mpaka karibu na Aprili, theluji ianguke isianguke.

Nasema Burlington iwafuate majirani, walau kwenye mitaa myembamba ya Old North End, kitongoji cha zamani cha mji huu. Chukua barabara yenye upana wa mita 9. Magari yakipaki pande zote mbili yanakula mita 4 hivi, zinabaki 5. Gari la kusukuma theluji likipita, theluji inaishia ubavuni mwa magari badala ya kufika ukingoni, na asubuhi magari yakiondoka tuta la theluji linabaki limeganda mahali pasipo pake. Dhoruba ya pili watu wanapaki nje ya tuta. Kufika Februari zile mita 5 zimekuwa 3 na kitu. Kanuni ya mfano ya zimamoto huko Marekani inataka njia ya mita 6.1. Gari la taka lina upana wa karibu mita 2.6 bila vioo, na bado linahitaji nafasi ya kunyanyua pipa.

Mpangaji Halisi

Mkuu, Desemba hadi Machi ni usiku 121. Usiku wa dhoruba inayohitaji mtaa mzima kuwa mtupu ni sehemu ndogo ya hizo. Unataka kumsumbua mtu miezi minne kwa ajili ya usiku wa kuhesabika.

Tena unamsumbua nani? Mwenye nyumba ana njia yake ya kuingilia, gari linalala uani. Old North End ni nyumba za zamani za mbao zilizogawanywa, familia tatu au nne kwenye jengo moja na nafasi mbili za gari. Baadhi ya wapangaji hao wametoka Kongo, Burundi, Somalia, na wapo wanaotoka kazini usiku wa manane. Majengo ya maegesho ya kuhamishia gari yako katikati ya mji, mwendo mrefu kwa miguu kwenye barafu.

Kuna njia ya tatu ambayo mleta mada ameiruka. Minneapolis, mji mkubwa wa jimbo la Minnesota, hutangaza dharura ya theluji kwa awamu. Awamu ya kwanza, saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, barabara kuu zilizoteuliwa zinakuwa tupu pande zote. Siku ya pili mchana, mitaa mingine inaondoa magari upande wa namba shufwa. Siku ya tatu, upande wa namba witiri. Na theluji ikizidi sana wanafuta kupaki upande mmoja mpaka tarehe 1 Aprili. Tuta linasukumwa hadi ukingoni pande zote mbili, na kwa anayeishi mtaa usio barabara kuu hakuna usiku ambao hana kabisa mahali pa kuacha gari mtaani kwake.

Bamba la Chuma

Minneapolis ina madereva wa kutosha kurudi mtaa uleule siku tatu mfululizo. Mji wa watu elfu arobaini na kitu hauna. Bamba la kusukumia theluji la mita 3.3 likigeuzwa pembeni nyuzi 35 linasafisha mita 2.7 tu kwa mkupuo, kwa hiyo mtaa wa mita 9 ni mikupuo minne ukiwa mtupu. Ukiwa na magari, dereva anapita katikati mara mbili, na ubavu unabaki deni. Njia za waenda kwa miguu nazo Burlington inazisafisha yenyewe kwa vitrekta vidogo. Hizo ni saa nyingine za kazi, na vitrekta vinarudisha theluji barabarani pale ambapo tuta limejaa.

Lakini hoja yangu kubwa ni chumvi, maana sera ya kupaki ni sera ya chumvi pia. Tuta lililoachwa mita 2 kutoka ukingoni linayeyuka mchana, maji yanashindwa kufika kwenye chemba ya mvua, yanatambaa juu ya lami, na usiku yanaganda. Unamwaga chumvi usiku ambao hakuna hata punje iliyoanguka kutoka mbinguni. Hiyo ndiyo chumvi ghali kuliko zote.

Hesabu yake inategemea joto la lami, siyo la hewa, ndiyo maana gari la kumwaga hufungwa kipimajoto cha miale kinachotazama chini. Lami ikiwa kwenye nyuzi −1, kilo moja ya chumvi inayeyusha kilo 46 hivi za barafu. Kwenye −7 ni kilo 8 au 9. Kwenye −12 hazitimii 5. Chini ya −9 chumvi ya kawaida inafanya kazi polepole mno, na anayeongeza kipimo kwa sababu barabara bado nyeupe anatupa hela. Kwenye baridi hiyo unasukuma theluji, unatia mchanga kwenye miinuko na makutano, unangoja jua.

Kinachookoa ni kumwaga maji ya chumvi mapema, kabla theluji haijashika lami. Mchanganyiko ni asilimia 23.3 kwa uzito, yaani gramu 300 na kidogo kwa lita moja ya maji, na haidromita, kipimo cha uzito wa maji hayo, isome karibu 1.176. Kiwango hicho huganda kwenye −21. Ukizidisha chumvi, joto la kugandia linapanda badala ya kushuka, na mabomba yanaziba. Unamwaga lita 90 hadi 95 kwa kilomita ya safu moja ya magari, kwa matundu yanayoacha mistari ili tairi ziendelee kugusa lami kavu. Hizo lita zina kilo 26 hivi za chumvi. Ukichelewa ukamwaga kavu juu ya theluji iliyoshindiliwa, ni kilo 56 hadi 113 kwa kilomita ileile. Usimwage kama mvua inatangulia theluji, itaoshwa. Wala kwenye upepo mkali na theluji kavu, maana lami yenye unyevu itainasa theluji ambayo ingepeperuka yenyewe.

Na ukimwaga kavu, ilowanishe kwanza, lita 30 hadi 40 kwa tani. Chumvi kavu hudunda, na karibu asilimia 30 huishia majanini.

Maji ya Ziwa

Asante Bamba. Niongeze kwamba kloridi, sehemu ya chumvi inayobaki majini, haiozi wala haichujwi na udongo. Ikishaingia inapungua kwa kuzimuliwa tu. Chumvi ya kijiko kimoja cha chai inatosha kuchafua lita 19 za maji. Kiwango cha Marekani cha kulinda viumbe wa majini kwa muda mrefu ni miligramu 230 kwa lita, na vijito kama Englesby na Centennial, vinavyopita mjini humu, vimo kwenye orodha ya jimbo ya vilivyoharibiwa na kloridi. Burlington inakunywa maji ya ziwa hilohilo.

Ila msiulaumu mji peke yake. Maegesho ya maduka humwagiwa na makandarasi binafsi wanaoogopa kushtakiwa mtu akiteleza, kwa hiyo wanazidisha makusudi. Jimbo jirani la New Hampshire lilitunga sheria mwaka 2013 inayompa kinga mkandarasi aliyefundishwa na kusajiliwa, mradi afuate kanuni na atunze kumbukumbu. Hilo lingepunguza chumvi kuliko kubishana saa za kupaki.

Mchanga nao msiutukuze. Hauyeyushi chochote, unajaza chemba za mvua, na sehemu ya mji huu bado ina mabomba yanayochanganya maji ya mvua na majitaka.

Pipa Mbili

Mmezungumza theluji mpaka taka zimesahaulika. Hapa manispaa inazoa za kurejelezwa tu. Taka za kawaida kila kaya au mwenye nyumba anaajiri kampuni yake. Sheria ya jimbo ya 2012, Act 148, ilipiga marufuku kutupa dampo vitu vya kurejelezwa kuanzia 2015 na mabaki ya chakula kuanzia tarehe 1 Julai 2020. Matokeo yake nyumba moja inaweza kuhudumiwa na magari matatu, na mtaa mmoja ukaingiliwa na kampuni kadhaa siku tofauti. Maana yake hakuna asubuhi ya wiki isiyo na mapipa barabarani, na gari la theluji halina siku safi. Magari yaondoke usiku sawa, mapipa yatabaki palepale.

Dawa ni kugawa mji kwa kanda, kila kanda zabuni moja, siku moja ya kuzoa. Wenye kampuni ndogo wanapinga, na wana haki: zabuni ya mji mzima itachukuliwa na jitu kubwa. Ndiyo maana nasema kanda, na ukubwa wa kanda upimwe kwa gari moja au mawili.

Wakati tukisubiri, pipa liwekwe kwenye mdomo wa njia ya kuingilia, kamwe si juu ya tuta wala barabarani, na kati ya mapipa kuwe na mita moja. Ukiwa umetazama barabara, theluji inaletwa kutoka kushoto kwako. Basi chimba nafasi upande wa kushoto tuta limwagike hapo, na rundo lako liweke kulia. Ndoo ya mabaki ya chakula itandikwe gazeti, la sivyo inaganda na kurudi ikiwa imejaa. Majivu ya jiko la kuni yakae siku kadhaa kwenye debe la chuma lenye kifuniko, mbali na nyumba. Kaa moja hai ndani ya gari la kushindilia taka inatosha kumlazimisha dereva amwage shehena yote barabarani.

Mleta mada

Kanda nakubali. Kupokezana pande kwa mtindo wa Minneapolis sikubali bado, kwa hoja ya Bamba ya madereva.

Mpangaji Halisi

Basi punguza: kupokezana pande kuwe Old North End tu, na kufanyike mchana wa siku inayofuata siku ya kuzoa, upande mmoja wiki hii, wa pili wiki ijayo. Mapipa yamesharudi ndani, gari moja la theluji linatosha, na marufuku ya usiku inabaki ya dhoruba peke yake. Dhoruba ikiangukia siku ya kuzoa, kanda nzima isogezwe siku moja mbele, na tangazo litoke kwa Kiswahili, Kisomali na Kifaransa kabla ya saa tisa alasiri, wakati watu hawajaingia zamu ya jioni. Taa ya kumweka haimwambii mtu ahamishie gari wapi.