Naomba ushauri: Peugeot ya gia 12 nataka niifanye fiksi, na rangi niliyopiga inabanduka yenyewe

MwanaTabata
Wakuu habari za jioni. Nipo Dar, nna baiskeli ya mtumba niliichukua Ilala kwa 130,000, Peugeot ya zamani ile ya gia 12, usukani wa pembe za kondoo, fremu ya chuma. Gia zilikuwa zimeshakufa, ile mashine ya nyuma ya kuhamisha cheni imepinda inagusa spoki, nikasema isiwe tabu, ngoja ning'oe yote niifanye fiksi, yaani gia moja na pedeli zinazunguka muda wote tairi likizunguka.

Kosa langu nilianzia kwenye rangi. Nikampelekea jamaa anayepiga rangi mageti, akaniambia elfu 35 kesho njoo uchukue. Na kweli kesho yake imetoka nyeusi inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Wiki ya pili nimeiegemeza ukutani, naiondoa naona rangi imebaki ukutani. Nikajaribu na kucha ya dole gumba, inavuka kama ganda la yai la kuchemsha, na chini yake rangi ya zamani ipo vilevile inang'aa, haijaguswa na msasa hata kidogo. Karibu na pedeli kuna kutu imepakwa tu juu. Tena kapuliza mpaka ndani ya tredi, ile mistari ya kufungia skrubu.

Sasa naombeni msaada, hii rangi naitoaje? Na gurudumu la nyuma fundi wangu wa mtaani anasema tusihangaike, anachomelea friwili (ile seti ya meno ya nyuma inayozunguka bure ukiacha kukanyaga) isizunguke bure, halafu tunabakiza sproketi moja, yaani duara moja la meno, kazi imeisha. Na la mwisho, breki naweza nikaachana nazo kabisa? Maana bila waya inapendeza kweli. Natanguliza shukrani.

kipara_buguruni
Bila picha huu uzi haujakamilika mkuu.

MzeeWaPedeli
Kijana simamisha huyo fundi kabla hajawasha mashine ya kuchomelea.

Friwili imefungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa tredi tu, ukikanyaga mbele inajikaza. Kwenye baiskeli ya kawaida hakuna kitu kinachoivuta kurudi nyuma kwa hiyo hakuna shida. Fiksi wewe unapunguza mwendo kwa kuzuia pedeli na miguu, yaani unaivuta kinyume kwa nguvu zote, ikishachomelewa inaanza kujifungua taratibu, siku moja unateremka flyover ya Tazara unazuia miguu, unasikia kama imelegea, pedeli zinazunguka bure na huna breki. Habu ya fiksi yenyewe ina tredi mbili, ya kwanza ya sproketi, ya pili ndogo kidogo kwa nje ni ya nati bapa ya kufungia na hiyo tredi yake ni ya kushoto. Sproketi ikitaka kujifungua inaikaza ile nati. Ndo ujanja wote uko hapo.

Watu wengine wanatumia habu ya kawaida wanapaka gundi ya bolti wanaweka na nati ya vikombe vya katikati (vile vinavyoshika gololi za ekseli ya pedeli) kwa sababu tredi inafanana, na inaingia kweli, lakini ni tredi ya kulia hiyo, haina inachozuia. Usijaribu.

Agiza gurudumu lenye habu ya pande mbili, upande mmoja fiksi upande wa pili friwili. Ukichoka unaligeuza tu.

BintiMwanza
Samahani wakuu, kwani hii si ndo zile baiskeli za mtumba za watoto zenye breki ya mguu? Si achukue habu ya huko tu?

spoki36
@BintiMwanza hapana dada, ile ya breki ya mguu ukiacha kukanyaga inateleza yenyewe miguu ikiwa imetulia, ukirudisha nyuma ndo inashika. Fiksi haina kutulia. Ukisahau ukaacha kukanyaga, pedeli inakubeba wewe.

Mtoa uzi kabla hujaagiza chochote angalia ile mianya ya nyuma ya fremu ambayo ekseli inaingia. Ikiwa imelala, mdomo unatazama mbele, unaweza kuvuta gurudumu nyuma ukakaza cheni, endelea. Ikiwa imesimama inatazama chini, achana na fiksi, huna pa kukazia cheni. Peugeot za umri huo nilizoziona zimelala lakini hakikisha kwa macho yako. Pia pima kwa rula ndani kwa ndani upana wa hapo nyuma, ya gia 12 kawaida ni milimita 126, habu ya fiksi ni 120, unaweka washa za milimita 3 kila upande, basi. Asikudanganye mtu kuminya fremu.

Mbele utakuta sproketi mbili, toa ile kubwa bakiza ndogo na uifunge sehemu ileile ya ndani, hapo cheni inanyooka na habu. Bolti zake tafuta fupi maana za sproketi mbili hazitokaza. Ndogo ikiwa meno 42 weka nyuma 16, kila mzunguko wa pedeli unasogea kama mita tano na nusu, kwa Dar inatosha sana. Usiweke 48 kwa 16, inagawanyika kamili, kila ukifunga miguu tairi linasuguka palepale mwezi mmoja limeisha.

Cheni chukua ya Phoenix tu, ile pana ya madukani, inakaa vizuri. ILA TAIRI USICHUKUE LA PHOENIX. Wote wanaliita 28 lakini lile rimu lake ni milimita 635 na hizi za kisasa ni 622, haliingii hata ulipake sabuni. Nilishapoteza nauli ya kwenda na kurudi Kariakoo kwa upuuzi huo.

kipara_buguruni
Breki toa mkuu uwe mwanaume 😂 wale wa keirin, mashindano ya baiskeli ya uwanjani Japani, hawana breki na wanakimbia balaa

MzeeWaPedeli
@kipara wale wako uwanjani, wote wanaelekea upande mmoja, na hakuna bajaji inayogeuza katikati ya barabara bila indiketa. Mashindano yale yapo tangu 1948 na mpaka leo hajakatiza mama wa maandazi. Breki ya mbele lazima. Na kama gurudumu la zamani lilikuwa la inchi 27, hili jipya ni dogo kwa milimita 4 pale breki inapogusa, kwa hiyo hakikisha mipira ya breki inashuka, isije kusugua tairi.

Njoro254
Huku Nairobi hizi fiksi zimejaa, vijana wanazipenda sana na wengi hawaweki breki. Mimi niliendesha hivyo miezi mitatu, siku moja kamba ya kiatu ikaingia kwenye cheni. Baiskeli ya kawaida unasimamisha mguu unachomoa kamba. Hii iliendelea kuvuta, kiatu kikaenda, mguu ukafuata, nikalala kwa lami nikiwa bado nimeshika usukani. Weka breki ndugu yangu, na kamba za viatu ingiza ndani.

kanzu_na_pedeli
Nami niko Unguja naongezea moja tu, cheni msiifute na kitambaa huku gurudumu linazunguka. Kitambaa kikinaswa kinaingia na kidole, na fiksi haisimami mpaka kidole kimepita upande wa pili. Nimeona mkono wa mtu hivyo.

mama_spreya
Jamani hamjamjibu rangi. Mimi napiga rangi pikipiki mwaka wa nane, ngoja niseme.

Huyo jamaa wa mageti hakukwangua na hakuweka prima, ile rangi ya msingi, rangi ikikaa juu ya rangi inayong'aa haina cha kushika. Sasa ing'oe yote. Kwanza fungua kila kitu, foku (uma wa mbele), vikombe, kiti, gololi zote, baki na bomba tupu. Paka dawa ya kutolea rangi ile ya kopo, iache ivimbe, kwangua na kipande cha plastiki, hii yako mpya itatoka kama ngozi ya maziwa. Vaa glavu, ile dawa ukiigusa unaijua. Ya zamani iliyobaki malizia na msasa namba 80, halafu 120, halafu 240. Msitumie grainda kwenye bomba! Chuma cha baiskeli ni chembamba, grainda inakula mara moja na huoni mpaka fremu ikatike. Pale penye kutu gonga na bisibisi, ikilia kama chuma sawa, ikilia kama kopo au ikitoboka, hiyo fremu ya kutundika ukutani.

Ukishafika chuma cheupe usilale nacho, hewa ya Dar inaleta kutu usiku mmoja. Futa na thina, siku hiyohiyo prima mara mbili nyembamba. Kesho yake msasa wa maji 600. Kisha rangi ya gari yenye hadina, ile dawa ya kukazia rangi, mara tatu au nne nyembamba, kliya (rangi angavu isiyo na rangi) juu. Hadina ina sumu kwenye mapafu, vaa barakoa ya kazi yenye vichujio siyo ile ya korona. Tredi ziba, kwenye vikombe vya katikati funga vile vya zamani kabisa ndo upulize. Na usipige siku ya mvua, kliya inaweka ukungu mweupe ndani na haitoki. Halafu iache wiki nzima usiiguse, najua hutaweza lakini iache.

MwanaTabata
Aisee asanteni sana. Mianya imelala, nimepima 126 kamili. Dada mama_spreya nikifungua vikombe vya katikati cha kulia kinagoma, nimekaza mpaka spana imeruka.

MzeeWaPedeli
Acha kwanza usivunje. Baiskeli nyingi kikombe cha upande wa cheni ni tredi ya kushoto, unafungua kwa kuzungusha kama unakaza. Lakini Peugeot za kizamani zipo za tredi ya Kifaransa, pande zote ni za kulia. Weka mafuta leo, kesho jaribu pande zote mbili taratibu. Na vikombe vikiwa vizima virudishe hivyohivyo, badilisha gololi tu, robo inchi, 11 kila upande, usije ukanunua vipya vikakataa tredi.

MwanaTabata (wiki sita baadaye)
Narudisha mrejesho. Kikombe kilifunguka kwa kuzungusha kama unakaza. Fremu ilikuwa nzima, chini ya rangi zote nikakuta alama ya stika ya Carbolite, jina la bomba za chuma za Peugeot. Rangi nimepiga kijani ya chupa, mwenyewe, nyuma ya nyumba, foku ina machozi mawili ya rangi lakini nimeyakubali. Gurudumu limefika, nimeweka breki mbili, mbele na nyuma, kwa sababu nitakuwa nageuza friwili siku za kazi.

Jana jioni mara ya kwanza upande wa fiksi. Nimeona shimo mbele nikafanya kama kawaida, nikainuka nikatulia miguu. Pedeli ikanirusha mpaka tumbo likakaa kwenye usukani. Mama wa mihogo kacheka mpaka akakaa chini.

Shida moja, cheni inalia tak tak kila mzunguko wa pedeli, sehemu moja inakaza sehemu nyingine inalegea.

spoki36
Sproketi ya mbele haijakaa katikati. Legeza bolti zake tano kidogo, zungusha mpaka pale cheni inapokaza sana, gonga cheni kidogo na mpini wa nyundo, kaza, zungusha tena. Ukimaliza cheni icheze kama sentimita moja juu chini, isikaze kama uzi wa gitaa.

MwanaTabata
Nimegonga mara tatu, imenyamaza.

kipara_buguruni
Picha?

MwanaTabata
Kesho mchana, taa ya hapa inaifanya ionekane nyeusi.