Ushauri: nataka kubadilisha waya wa taa ya mezani ya chuma

Mkaazi wa Malindi: Asalaam aleikum. Nina taa ya mezani ya marehemu babu, ya Kiingereza, chuma kitako hadi shingo. Mpira wa waya wake umekauka, ukiukunja unapukutika. Nataka kutia waya mpya mwenyewe. Ninunue wa unene gani? Na holda ya globu za pini inapatikana wapi hapa mjini Unguja? Bibi anaihitaji usiku, nina haraka.

Bi Karafuu: Waaleikum salaam mwanangu. Mnunulie bibi taa ya kuchaji upumue. Ilipoharibika ile kebo ya chini ya bahari, Desemba 2009, Unguja tulikaa gizani mpaka Machi. Kandili yangu ndiyo iliyonilelea mtoto mchanga. Ninayo mpaka leo na utambi naubadilisha.

Fundi wa Mwera: Waya wa nyaya tatu, unene wa milimita mraba 0.75, unatosha kabisa kwa taa. Holda zunguka maduka ya umeme Darajani. Taa yenyewe ukiigusa ikoje?

Mkaazi wa Malindi: Inawaka vizuri tu.

Fundi wa Mwera: Sikuuliza kuwaka. Ukiigusa?

Mkaazi wa Malindi: Inatekenya kidogo. Juzi bibi katoka kutia udhu, miguu mibichi, kashika shingo ya taa, ikamrusha mkono. Sikuandika mwanzo kwa sababu najua mngeniambia niitupe. Halafu waya nimeshanunua, mita tano, wa nyaya mbili, kama zile mbili zilizofika kwenye plagi ya taa. Muuza duka kasema taa haina haja ya ethi, ule waya wa tatu wa kupeleka umeme ardhini. Hata redio yangu ni nyaya mbili na haijanifanya kitu.

Chake Kwetu: Yakhe, hiyo si taa tena, hiyo askari wa zamu! Muweke mlangoni.

Ustadh wa Jang'ombe: Si la kuchekea. Huyo bibi ni amana mikononi mwako. Waya wa elfu chache usikufanye ubishane.

Mkaazi wa Malindi: Sibishani Ustadh. Nasema tu nikiufunga vizuri kwa tepu, waya wa moto utagusa wapi chuma?

Fundi wa Mwera: Kwanza ichomoe, sasa hivi, kabla hujasoma mstari wa pili.

Redio yako ni plastiki nje, mkono wako haufiki kwenye chuma. Taa yako yote ni chuma. Waya wa moto ukigusa kitako, kama ethi ipo, umeme mwingi unapita huko ghafla na fyuzi inakatika. Kama ethi haipo, fyuzi haina habari: kile chuma kinakaa na volti 230 kikimngoja mtu mwenye miguu mibichi. Na tepu kwenye joto la globu gundi yake inayeyuka, inafunguka.

Ukipata waya wa nyaya tatu: ya kijani na njano ndiyo ethi. Ibane kwa skrubu kwenye kitako chenyewe, na kwanza kwangua rangi mpaka chuma king'ae, maana rangi haipitishi umeme. Holda ikiwa ya chuma, nayo ina skrubu yake ya ethi. Tundu la waya kuingilia litie mpira, makali ya chuma ndiyo yanayokata waya. Ndani ya plagi ethi iache iwe ndefu kuliko zile mbili, ili waya ukivutwa iwe ya mwisho kuchomoka. Fyuzi tia ya ampea 3, ile ya 13 inayokuja na plagi itoe.

Kasa wa Fumba: Mimi uzi huu siuamini. Taa ya chuma ya Kiingereza, ya enzi hizo, yenye nyaya mbili tu? Waya wao wa zamani wenye ethi ulikuwa na nyekundu, nyeusi, na kijani ndiyo ethi. Kijani kiko wapi? Hii hadithi imetungwa mtu apate kusomwa.

Mkaazi wa Malindi: Kaka, nitunge bibi yangu kurushwa na umeme? Ngoja niifungue.

Mkaazi wa Malindi: Nimeitoa kitako kwa bisbisi. Kijani kipo. Kimekatwa, kipande kama ukucha kimebaki chini ya skrubu yenye kutu. Kwenye plagi ndiyo zimefika mbili tu.

Kasa wa Fumba: Basi kuna fundi aliyepita hapo. Niwie radhi.

Bi Karafuu: Si nilisema! Kwetu pia alikuja mmoja wa feni…

Fundi wa Mwera: Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Bado soketi ya ukutani. Matundu matatu si ushahidi kwamba nyuma yake kuna ethi, hasa nyumba za zamani za huko Malindi. Muite mtu mwenye mita ya fundi umeme aipime. Ukimaliza taa, na haijachomekwa, apime kutoka pini ndefu ya plagi mpaka kwenye kitako: mita ikiwa kwenye omu, isome karibu na sifuri. Isiposoma hivyo, haichomekwi.

Mkaazi wa Malindi: Soketi atapima jirani kesho baada ya alasiri. Bibi nimempa tochi. Huu waya wa nyaya mbili watakubali kuurudisha dukani?

Fundi wa Mwera: Ukishakatwa kwenye bunda hawaurudishi. Utunze, utafaa kwa redio.