Mtoto kapata 1080 kwenye SAT, hii ni kufaulu au?

mama_wa_houston: Wadau wa Marekani naombeni msaada, kijana wangu yuko darasa la 11, matokeo ya SAT (ule mtihani wa kuombea chuo huku) yametoka ana 1080, kusoma na kuandika 590, hesabu 490. Pembeni wameandika pasentaili 60 na ushei. Mi nimezoea division za kwetu, hapa sijui nicheke au nilie 😅 baba yake anasema sitini ni C, mtoto hasomi. Mwenyewe anataka uinjinia. Chuo atakiweza?

mzee_kobe: Mwambie shemeji atulie, hiyo 60 sio maksi. Maana yake kwenye kila watoto 100 huyu kawaacha nyuma kama 60. Na msije mkagawanya 1080 kwa 1600 ambayo ndo ya juu kabisa, SAT inaanzia 400, hata ukiboronga yote 400 yako unayo.

mwl_wa_namba: Jumla iweke pembeni kwanza. College Board, wenye huo mtihani, wana mstari wao, 480 kusoma na kuandika, 530 hesabu, anayefika hapo wanakisia ana nafasi ya 75% kupata angalau C kwenye kozi za somo hilo muhula wa kwanza chuoni. Ni makisio tu, hamna kufaulu wala kufeli hapo. Upande wa kusoma kavuka vizuri, hesabu kapungukiwa 40, na 40 yenyewe akirudia wiki ijayo inaweza kujiondokea tu au ikaongezeka. Ila kwa injinia nisikudanganye dada, hata 530 ni kidogo, kule kalkulasi wanaanza nayo mapema na fizikia inaidai. Algebra shuleni anapata ngapi?

mama_wa_houston: A jamani! Anasema muda ulimuishia.

mwl_wa_namba: Hapo ndo pa kuchimba. Hesabu ina sehemu mbili, kila moja maswali 22 dakika 35, ukiharibu ya kwanza kompyuta inakupa ya pili iliyo rahisi na huko maksi za juu huzipati tena. Kwa hiyo huenda ni spidi, au A za hiyo shule ni za bei chee (zipo sana huku). Apakue Bluebook, app ya SAT yenyewe, ni bure, afanye jaribio zima kwa muda wake, halafu baadae ayarudie yale aliyokosa bila saa. Akiyapata basi ni spidi.

mzee_kobe: Na simu umnyang'anye

mama_wa_houston: Jumamosi huwa anabaki na wadogo zake, hii nitabaki nao mwenyewe. Nitaleta mrejesho