Nimelipishwa gia boksi nzima ya Altezza, kumbe kilichopasuka ni bamba la flaiwili

Wakuu, naandika nikiwa na hasira.

Nina Altezza AS200 ya mwaka 1999, ile ya silinda 6, otomatiki. Miezi miwili iliyopita ilianza kugonga ikiwa sailensa (injini inawaka, gari limesimama, hujakanyaga mafuta): tak-tak-tak, kama mtu anayegonga bati kwa pete. Ukiweka D huku umekanyaga breki mlio unakazana, ukirudisha N unapungua. Lakini gia zinaingia vizuri, haitelezi wala haishtuki.

Nikaipeleka gereji moja hapa Dar niliyoelekezwa na mtu wa kazini. Fundi mkuu akazunguka nayo mtaa mmoja, akarudi, hata hajashuka akasema: "Bosi, gia boksi imekufa hii."

Hakuchomoa stiki ya oili. Hakuinusa. Hakufungua sampo, bakuli la oili chini ya gia boksi, kuangalia sumaku za ndani zimenasa nini. Kwenye sumaku, tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande vya chuma ndipo uanze kuogopa. Na kama ni pampu ya gia boksi au filta iliyoziba, gari lingevuma, na mvumo ungepanda na raundi za injini hata ukiwa umesimama kwenye P. Kama ni beringi ya propela au difu, mlio ungefuata mwendo wa gari, sio raundi. Langu lilikuwa linagonga, limesimama. Dakika kumi za kusikiliza zingetosha kabisa!

Nikalipa 1,900,000, ya gia boksi ya mtumba na ufundi. Siku ya nne, nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, tak-tak-tak ileile. Kuwapigia, naambiwa "hiyo inajizoesha, iendeshe tu". Gia boksi iliyotumika miaka ishirini Japani inajizoesha kitu gani?

Nikaenda kwa kijana mwingine, gereji yake ni mti na turubai. Akachukua bisibisi ndefu, mpini akauweka sikioni, ncha akaigusisha kwenye sampo ya injini: kimya. Akahamia pale injini inapokutana na gia boksi, akaniita nisikilize. Mlio ulikuwa umejaa pale. Akazima gari, akafungua kifuniko cha chini, akawa anazungusha krenki polepole kwa spana huku mimi nimeshika tochi. Tukauona ufa, mwembamba kama unywele, umezunguka boliti tatu za krenki, pembeni una unga mwekundu wa kutu. Ni flaiwili ya otomatiki, lile bamba jembamba linalobeba toki konvata, kile kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi. Likipasuka linagonga mpaka unadhani injini imekula beringi za koni. Bamba la mtumba nimelipata Ilala kwa 85,000. Ufundi 120,000. Gari sasa limetulia kabisa.

Kinachoniuma zaidi ya hela ni hiki: walipoishusha gia boksi yangu, lile bamba lilikuwa wazi mbele ya macho yao! Ukiondoa gia boksi na konvata, ndilo unalotazamana nalo. Ili kuikamata gia boksi mpya walirudisha boliti za konvata kwenye bamba hilohilo, moja moja, kwa mikono yao. Ama hawakuangalia, ama waliona wakanyamaza. Sijui lipi ni baya zaidi.

Nimerudi kudai gia boksi yangu ya zamani, ambayo sasa najua ilikuwa nzima. Jibu: "Ile tulishaiuza skrepa." Kwa ruhusa ya nani? Risiti yao imeandikwa "matengenezo ya gari" na kiasi, basi, hakuna hata neno gia boksi.

Bamba lililopasuka ninalo, limefungwa kwenye gazeti, na picha nimepiga likiwa bado garini. Aliyewahi kuibana gereji kisheria aniambie: FCC (Tume ya Ushindani) wanapokea malalamiko ya namna hii, au nianzie mahakama ya mwanzo? Jumatatu nimeomba ruhusa kazini kwa ajili ya hili tu.