Bendi niliyoisubiri imekuja, saundi ikaniangusha: kosa ni la nani?

Shabiki_Rongai
Wadau, bendi ya roki ninayoifuata tangu albamu ya kwanza imepiga Nairobi, uwanja wa wazi. Tiketi ya VIP, mbele kabisa, katikati. Magitaa na dramu vilisikika, lakini maneno ya mwimbaji hayakushikika. Besi ilivuma tu bila noti. Nyimbo zilienda kasi kuliko kwenye albamu na, kama sikio halinidanganyi, zilikuwa chini kidogo. Sijutii tiketi, ila nilitarajia zaidi. Bendi imechoka, mitambo mibovu, au ni mahali niliposimama?

FundiSaundi
Kwa sehemu kubwa ni mahali. VIP ya mbele ni ya macho, si ya masikio. Spika kubwa zinazoning'inizwa pande mbili za jukwaa huelekezwa kwa umati, kwa hiyo sauti yake inawapita juu walio mbele. Unachosikia pale ni ampu za magitaa (vikuza sauti vyenye spika zake) na dramu moja kwa moja kutoka jukwaani. Mwimbaji hana ampu, anategemea spika tu. Waandaaji makini hupanga spika ndogo kwenye ukingo wa jukwaa kuziba pengo hilo. Zikikosekana, au zikifunguliwa kidogo mno, umeambulia magitaa.

Besi ina hesabu yake. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo wimbi la noti ya besi ya hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde) lina urefu wa mita 5.7 hivi. Ukisimama katikati, sauti za wufa (spika za besi) za kushoto na za kulia zinakufikia pamoja, zinajumlishana, zinavuma. Sogea kando mpaka upande mmoja uwe mbali zaidi kwa nusu ya wimbi hilo, karibu mita 2.9, na noti hiyo inafutika. Hatua chache tu hubadilisha kila kitu.

Simama karibu na hema la mafundi, nje kidogo ya mstari wa katikati. Fundi anachanganya sauti za bendi kwa masikio yake akiwa pale pale. Nyuma zaidi kuna minara ya spika za ziada: mita 70 kutoka jukwaani sauti ya jukwaa huchelewa sekunde 0.2 hivi, na sauti ya mnara isipocheleweshwa kiasi hicho, kila pigo la dramu linasikika mara mbili.

Nyuzi_Sita
Sikio halikudanganyi. Bendi nyingi hushusha nyuzi nusu toni jukwaani ili koo la mwimbaji lipumue. Metallica wanafanya hivyo tangu katikati ya miaka ya 1990, ingawa nyimbo zao nyingi za zamani zilirekodiwa kwa tuni ya kawaida. Uzi mnene wa E unatoka hezi 82.4 hadi 77.8. Aliyekariri albamu lazima ahisi kitu.

Halafu studioni gitaa la kusindikiza hurekodiwa mara mbili, hata nne, likagawanywa kushoto na kulia. Jukwaani wapiga gitaa ni wawili. Mmoja akienda solo, anayebaki ni mmoja, na wimbo unapwaya. Huo si uchovu.

Kasi? Damu ikichemka mpiga dramu anakimbia, labda awe na metronomu (mlio wa kuhesabu mapigo) sikioni.

Mama_Dramu
Mmemsahau mwimbaji mwenyewe. Tazama mkono wake. Akifumbata kichwa cha maiki kwa kiganja, anaziba matundu ya nyuma yanayoifanya isikie mbele tu. Ikizibwa inameza matoazi na spika za kujisikilizia, inaanza kupiga mluzi, na fundi hana budi kuishusha. Wanadhani inapendeza kwenye picha!

Kama bendi zilikuwa kadhaa, huenda pia hakukuwa na nafasi ya kujaribu mitambo ipasavyo. Wanahakikisha kila waya unaleta sauti, basi, mengine yanarekebishwa bendi ikipiga. Nyimbo mbili tatu za kwanza huliwa hapo. Maneno yalirudi baadaye?

Shabiki_Rongai
Hayakurudi, yalizidi kupotea. Na ndiyo, alikuwa akiifumbata. Mimi nilikuwa na vizibo vya sponji masikioni.

FundiSaundi
Basi una majibu matatu kwa mpigo. Wapiga gitaa hupandisha ampu kidogo kidogo kadiri shoo inavyoendelea, na wewe uko mbele yazo. Sponji nayo hukata sauti nyembamba kuliko nene, na S, T na K za maneno ziko huko kwenye nyembamba. Tafuta vizibo vya wanamuziki, vyenye kichujio, vinavyopunguza zote karibu sawasawa. Ila usiache kuvaa: kwa desibeli 100, muda salama ni dakika 15 hivi kwa siku.

Ukibaki na sponji, iviringishe iwe nyembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia sekunde 30 ijae.

Nyuzi_Sita
Na usiende kuihukumu bendi kwa video za simu. Maiki ya simu ikielemewa na besi, kila bendi inasikika kama mashine ya kusaga.