Tupeane uzoefu: nini kilikufanya ubaki chuoni, au uhame?

Wakuu, mimi mhadhiri, mwaka wa 11 chuo kile kile. Nina barua ya kazi kutoka chuo cha binafsi, mshahara umezidi kidogo tu, na siku ya nne sasa sijaijibu. Mliobaki na mliohama, semeni. Na si mshahara peke yake.

Chaki Nyeupe: Niko Kenya. Mimi nilikufa moyo siku nilipokwenda sacco kuomba mkopo wa karo. Dada wa kaunta akanigeuzia skrini: michango ya miezi minne haijafika. Nikatoa hati ya mshahara, makato yote yamo. Yaani mwajiri kanikopa bila kuniambia! 2025 wahadhiri tulipogoma siku 49 kudai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa mishahara wa 2017–2021, wapo waliotuita walafi. Deni la miaka hiyo yote. Darasa nalipenda bado. Chuo nakipa saa za ratiba, basi.

Mama Maktaba: Pole mwalimu. Sisi tusiofundisha hata hatutajwi. Nina miaka 19 maktaba. Nilipofiwa na mume wangu, mkuu wetu alikuja msibani, akakaa mkekani na wanaume wengine mpaka jioni. Baada ya hapo nimeitwa kwingine mara mbili, sikwenda. Ameshastaafu. Huyu wa sasa ananiita "wewe wa majarida". Siku hizi nasoma matangazo ya kazi.

Mzee wa Vipindi: Mimi mhadhiri wa muda, vyuo vitatu. Nasahihisha mitihani kwenye daladala, malipo yanakuja muhula ukishasahaulika. Uaminifu kwa yupi kati ya hao watatu?

Fundi Maabara: Chuo kilinisomesha uzamivu, nikasaini kurudi kukitumikia. Nimerudi kwa hamu kweli. Mashine niliyoifunika turubai kabla ya safari nimeikuta na turubai lile lile, fundo langu lile lile. Miaka minne! Mkataba unaisha mwakani, wala sihitaji kushawishiwa.

Mleta mada: Mama Maktaba, umenigusa. Faili langu la kupanda daraja limelala tangu 2022. Kesho namfuata mkuu wa idara uso kwa uso. Akinijibu kiungwana, barua naichana.

Mama Maktaba: Mwanangu, usichane. Iweke kwanza.